Zulia la Jukwaani

Kila siku alipotoka shule, Kasuku alipanda ngazi za nyumba yao mbio mbio, akatupa mkoba nyuma ya mlango, kisha akachezea swichi ya taa: washa, zima, washa. Hiyo ndiyo ilikuwa hodi yao. Dada yake alikuwa Kiziwi tangu utotoni, na katika nyumba ile hakuna aliyemwita kwa kupaza sauti. Ukimtaka, unachezea taa. Ukiwa na haraka, unapiga sakafu kwa kisigino. Sakafu ilikuwa ya mbao, na mtikisiko ulimfikia hata akiwa jikoni. Ulimfikia pia jirani wa chini, ambaye alijibu kwa kugonga dari yake kwa mpini wa ufagio.

"Huyo naye amepokea salamu," mama yao alizoea kusema.

Kasuku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na watu wa ukumbi wa maonyesho, kwa sababu kazi yake pale ilikuwa kurudia maneno. Watu wakisema kwa mdomo, yeye aliyageuza kuwa lugha ya alama. Dada yake akisema kwa mikono, yeye aliyatoa kwa mdomo. Alikuwa darasa la sita, mdogo wa umbo, mwepesi wa vidole. Dada mwenyewe alikuwa na jina lake la kumwita: kidole kugusa kidevu mara mbili, pale penye kovu alilolipata zamani alipoanguka na sufuria.

Dada alikuwa msanii wa kucheza. Waliomwona kwa mara ya kwanza waliuliza swali lile lile: anaisikiaje ngoma? Hakuisikia. Aliipokea kwa nyayo. Ngoma ikipigwa juu ya mbao, mbao hutikisika, na mtikisiko ule ulimpanda miguuni mpaka kwenye mbavu. Macho yake nayo yalimtazama mpigaji, akalijua pigo kabla halijatua. Mbao na macho: akipata hivyo viwili, wachezaji wenye masikio mazima walikaa pembeni wakamtazama.

Mwaka uliotangulia, kundi moja la sanaa lilimchukua, kisha likamwacha mapema tu. Kiongozi wake alimvuta Kasuku pembeni. "Mwambie dada yako ni mzuri sana," alisema, "ila ana mahitaji mengi. Mara taa, mara asimame hapa, mara tumtazame tukisema naye. Sisi hatuna nafasi ya hayo." Kasuku alifikisha yote, neno kwa neno. Akaiona mikono ya dada yake, ambayo tangu aijue haikuwahi kutulia, ikishuka na kuning'inia kama nguo zilizoanikwa. Baada ya hapo Dada alikaa miezi mingi akimsaidia mama yao kukunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kasuku alijiapiza moyoni kwamba hakuna mtu atakayesema tena kuwa dada yake ana mahitaji mengi.

Mama naye hakusaidia. "Mkienda kwa watu, msiwe wasumbufu," aliwausia kila asubuhi huku akifunga kitambaa kichwani kwenda kazini. "Wakiuliza mna shida gani, semeni hamna. Nafasi yenyewe ya kubahatisha."

Nafasi hiyo ilipatikana katika ukumbi mkubwa wa maonyesho, ule wenye pazia zito na viti vya kukunja. Mchezo ulihusu kijiji kilichojengwa katika njia ya mto, na mto wenyewe ulikuwa mtu: mchezaji aliyejitanda kitambaa kirefu cha buluu, anayeingia polepole na mwishowe kulimeza jukwaa zima. Mwongozaji, ambaye wote walimwita Mkuu, alikuwa mtu mwembamba asiyekaa kitini. Siku ya usaili alimtazama Dada akicheza, akaacha kalamu ianguke. "Basi," akasema. "Mto wangu nimeupata."

Mazoezi ya kwanza yalifanyika katika stoo ya nyuma yenye sakafu ya mbao. Mpiga ngoma, mzee mnene mcheshi aliyeitwa Mjomba ingawa hakuwa mjomba wa yeyote pale, aliketi mbele ya Dada, na mambo yakaenda kama maji. Kisha wakahamia jukwaani. Jukwaa lilikuwa la saruji, na Mkuu, aliyechukia mlio wa viatu vya waigizaji, aliagiza litandikwe zulia nene. Mjomba akafichwa na ngoma zake nyuma ya pazia la pembeni ili watazamaji wasimwone.

Dada alisimama juu ya zulia lile, akapiga mguu, akasubiri. Akapiga tena. Ilikuwa kama kukanyaga godoro. Akageuka, mikono yake ikasema upesi: "Hapa sipati kitu. Mwambie waondoe zulia upande wangu waweke mbao, au Mjomba akae ninapomwona. Na Mkuu asinipigie makofi nikiwa nimempa mgongo. Anipe ishara ya taa."

"Anasemaje?" aliuliza Mkuu.

Kasuku aliwatazama mafundi waliokuwa wamemaliza tu kupigilia zulia, wangali wakijifuta jasho. Masikioni mwake ikarudi ile sauti: ana mahitaji mengi.

"Anasema jukwaa ni zuri sana, Mkuu. Anashukuru."

"Safi. Twende kazi."

Kisha akamgeukia dada yake. "Amesema atalishughulikia," akasema kwa mikono.

Dada alingoja. Huku akingoja, alianza kuibia kwa macho miguu ya wenzake ili ajue ngoma imefika wapi. Siku nyingine alibahatisha, siku nyingine aliingia wenzake wakiwa wameshamaliza. Mkuu alipiga makofi nyuma yake mpaka viganja vikawa vyekundu.

"Mwambie anachelewa! Mwambie anazembea! Mto gani huu unaongoja kusukumwa?"

"Anasema uko vizuri," Kasuku alimwambia Dada. "Uongeze kasi kidogo tu."

Dada alitabasamu, akamwinulia Mkuu dole gumba.

Mkuu aliduwaa. "Ananichekea? Mimi namgombeza, yeye ananichekea?"

Mwigizaji mmoja mwenye kitambi, aliyeigiza mkuu wa kijiji, alicheka kwa sauti. "Mwacheni. Bubu wetu leo yuko likizo." Wengine nao wakacheka.

"Wanacheka nini?" Dada aliuliza.

"Mjomba ametoa mzaha."

Uongo ule ulimla Kasuku kidogo kidogo. Darasani aliitwa ubaoni, akasimama na chaki mkononi asijue ameulizwa nini. Jioni, wakiosha vyombo, Dada alikuwa akimgusa bega kwa kidole chenye povu na kuuliza neno moja: "Zulia?" Naye alijibu: "Kesho." Alitamani kusema kweli, lakini kila alipotaka kuanza aliona kwamba sasa atalazimika kueleza na jana, na juzi, na siku ile ya kwanza. Akanyamaza, mzigo ukaongezeka.

Wiki ya onyesho ikafika. Siku moja walikuwa wakifanya mazoezi na mavazi kamili. Wanakijiji walipaswa kukimbia na paa la nyumba lililotengenezwa kwa fito, watoke kabisa, ngoma inyamaze, ndipo mto uvunje kingo. Dada aliibia macho miguu ya wenzake, akahesabu moyoni, akahesabu vibaya. Aliruka katikati yao paa likiwa bado linapita. Fito ziliyumba, na kijana aliyeshika pembe ya mbele akakosa pa kukanyaga, akaanguka kutoka jukwaani kwa kishindo.

Ngoma ilikatika. Watu walipiga kelele, wakakimbilia chini. Kijana alikuwa ameushika mkono wake ulioteguka, akilia kama mtoto. Na juu ya jukwaa, akiwa amewapa wote mgongo, Dada aliendelea kucheza. Hakujua. Kitambaa cha buluu kilizunguka, mikono ikainuka na kutua. Hakuwahi kucheza vizuri namna ile, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa akimtazama ila Kasuku, aliyesimama ameganda kama aliyepigiliwa misumari pamoja na lile zulia.

"Mzuieni huyo!" Mkuu alifoka.

Kasuku alikimbia, akamgusa bega. Dada aligeuka na uso wenye furaha, kisha akaona.

Kijana alipokwisha kupelekwa hospitali, Mkuu aliwajia. Safari hii hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi. "Mwambie namshukuru kwa kazi yake. Mto nitampa mwingine. Kesho asije."

Mikono ya Kasuku ilikuwa mizito kama mashuka yaliyolowa. "Amesema umechoka," aliashiria. "Nenda ukapumzike."

"Na kesho?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Kesho yake walikwenda. Njia nzima Kasuku aliomba mvua inyeshe, barabara ifungwe, umeme wa ukumbi ukatike, litokee lolote. Hakikutokea kitu. Waliingia, na katikati ya jukwaa wakamkuta Kipepeo, mchezaji mwenzao mrefu, amejitanda kitambaa cha buluu.

Dada alisimama mlangoni. "Kwa nini amevaa nguo yangu?"

"Kasuku," Mkuu aliita kwa mshangao, "jana nilikwambia nini wewe?"

Dada hakuhitaji kusikia. Aliutazama uso wa Mkuu, akautazama wa mdogo wake. "Jana alisema nini? Sema kweli."

"Alisema usije."

"Na zulia?"

Kasuku aliinamisha macho. Dada akamshika kidevu, akamwinua uso. "Na taa? Uliwaambia lini?"

"Sikuwaambia. Sikuwaambia hata mara moja."

Dada hakumpiga. Alifumba macho tu. Mtu anayesikia akichoshwa na maneno huziba masikio, na bado maneno humpenya. Dada alipofumba macho yake, hakuna kilichopenya. Kasuku alipunga mikono mbele ya uso ule uliofungwa, akaomba radhi, akalia, akaomba tena. Lakini alikuwa akizungumza na ukuta. Baadaye Dada aliyafumbua macho, akampita bila kumtazama, akaenda nyumbani peke yake.

Jua lilipokuwa likizama, Kasuku alipanda ngazi, akaingia, akabonyeza swichi. Giza likabaki vile vile. Akabonyeza tena. Dada alikuwa ameketi sakafuni, ameelekea ukutani, balbu ameifungua na kuitia mfukoni.

Mama alirudi kutoka kazini, akapapasa mlangoni. "Umeme umekatika?"

"Hapana, Mama. Balbu iko mfukoni kwa Dada."

"Balbu? Mfukoni inatafuta nini?"

Ndipo Kasuku alipolitapika lote mle gizani, tangu siku ya zulia mpaka kijana aliyeteguka mkono. Mama alisikiliza amesimama, kisha akavuta ndoo, akaigeuza na kuikalia.

"Nilidhani namlinda," Kasuku alisema. "Wasije wakasema tena ana mahitaji mengi."

"Umemlinda mpaka umemfukuzisha kazi." Sauti ya Mama ilikuwa imechoka. "Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia kila asubuhi msiwe wasumbufu. Kumbe nilikuwa nakunolea ulimi wa uongo mimi mwenyewe. Kesho tutakwenda, na utasema mbele yao."

"Mama, watanifukuza."

"Wakufukuze. Hiyo kazi hukupaswa kuwa nayo."

Mama aliutafuta mkono wa Dada gizani ili amwandikie neno kiganjani, kama alivyomfanyia utotoni. Mkono ule ulirudishwa nyuma. Chakula alichowekewa kilipoa, kikaganda. Asubuhi Kasuku alipopeleka takataka, alikuta ndani ya pipa viatu vya kuchezea vya dada yake, vimefungwa pamoja kwa kamba. Alivitoa, akavifuta kwa sketi yake ya shule, akavificha kwapani. Hakuwa na hakika kama vingevaliwa tena.

Mama aliomba ruhusa kazini, Kasuku akaombewa ruhusa shuleni. Ukumbini mazoezi yalikuwa yakiendelea, na Kipepeo alikuwa akizungushwa zungushwa bila kuelewa. Kasuku alipanda jukwaani, akasimama juu ya zulia. Alisema yote, mbele ya wote. Alieleza kwamba Dada aliomba mbao na taa, na kwamba maneno ya Mkuu hayakumfikia hata mara moja.

Mkuu alikuwa amepauka. "Unajua umenifanya nini? Umenifanya nimtukane mtu aliyekuwa ananiomba msaada! Onyesho ni keshokutwa. Nitafanya nini mimi?"

Kutoka nyuma ya pazia alitokeza Mjomba na ngoma tumboni. "Kwa hiyo siku zote hizi nimekuwa nikimpigia zulia?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mama, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alikuja mbele. Alikuwa bado na sare yake ya dobi. "Mwanangu amekosa, na sitamtetea," alisema. "Lakini nikuulize, Mkuu. Hawa wengine wote, maneno yako yanawafikia kupitia kwa mtoto wa darasa la sita?"

"Hapana, mama."

"Basi mbona binti yangu?"

Mkuu, yule mtu asiyekaa kitini, aliketi ukingoni mwa jukwaa. "Kwa sababu huyu mtoto alikuwapo," alisema polepole. "Alikuja naye kila siku, hakudai chochote, nikaona limekwisha. Sikuwahi kutafuta mkalimani. Tena sikuwahi kumwuliza dada yake anafanyaje kazi. Nilimchagua kwa kuwa alikuwa bora kuliko wote, halafu nikamwacha ajitafutie njia mwenyewe." Akamtazama Kasuku. "Atakubali kurudi?"

"Hataki hata kunitazama."

Mchana ule Mkuu alipanda ngazi za nyumba yao pamoja na mwanamke mwenye miwani, mkalimani wa lugha ya alama aliyefanya kazi hiyo mahakamani na hospitalini. Dada alikuwa pale pale, ameelekea ukuta, macho ameyafumba. Balbu ilikuwa bado mfukoni.

"Sasa tunamwitaje?" Mkuu alinong'ona.

"Piga sakafu kwa kisigino," alijibu Kasuku.

Mkuu alipiga kwa aibu. "Kwa nguvu," Mama alihimiza. Akapiga kwa nguvu, mara tatu. Kutoka chini ufagio ukajibu, to, to, to. Mkuu aliruka.

"Nani huyo?"

"Jirani. Amepokea salamu."

Dada alikuwa amegeuka. Hayo hayakuwa mapigo ya mtu wa nyumbani. Mkuu alichuchumaa mbele yake, akamtazama usoni, akaomba radhi, na mikono ya mkalimani ikayafikisha maneno. Dada alitazama mpaka mwisho. Kisha mikono yake iliyokuwa imelala tangu jana ikaamka, na mkalimani akaitolea sauti:

"Kabla sijajibu, nataka kila ulichosema juu yangu tangu tuhamie jukwaani. Chote."

Mkuu alijikuna shingo. "Chote? Mengine si mazuri."

"Ni yangu. Nipe."

Akayasema. Unachelewa. Unazembea. Mto gani huu unaongoja kusukumwa? Kasuku alitamani kuziba macho ya dada yake. Mkalimani hakulainisha hata moja, akayafikisha na ukali wake. Dada aliuma midomo, machozi yakamtoka. Kisha akayafuta kwa kiganja.

"Sikuzembea," mikono yake ilisema. "Lakini hilo la kungoja kusukumwa ni kweli. Nilikuwa nangoja miguu ya wenzangu. Wiki zote hizi nilikuwa najiuliza: mbona wenzangu wanasahihishwa na mimi nasifiwa tu, kama mtoto anayejifunza kutembea? Nikadhani mmenichukua kwa huruma." Akamtazama Mkuu usoni. "Ukitaka nirudi, nipe mbao, nipe taa, nipe mkalimani. Na nikikosea, nigombeze kama wengine."

"Nitakugombeza mpaka uchoke," alisema Mkuu.

Dada alitia mkono mfukoni, akatoa balbu, akampa Mama. Kasuku alimsogezea viatu vyake. Alivichukua. Lakini hakumtazama aliyevileta.

Siku ile ile zulia lilikunjwa. Mafundi walileta mbao za stoo ya nyuma, wakazipigilia juu ya saruji, na ngoma za Mjomba zikawekwa juu ya mbao hizo hizo, mbele ya pazia. Fundi wa taa alifunga taa ndogo ya kijani ukingoni mwa jukwaa; ikiwaka, mto unaingia. Kazi yote ilikwisha kabla ya jioni, na Kasuku aliyekuwa akibeba misumari alishangaa moyoni. Kumbe ni hivi tu?

Kipepeo alirudisha kitambaa cha buluu mwenyewe. "Chukua, dada. Mimi sikuwa mto, nilikuwa bomba linalovuja." Mkuu alimpa nafasi ya kijito kinachoungana na mto mwishoni, akaicheza vizuri.

Yule mwenye kitambi, kwa mazoea, alisema, "Aa, bubu wetu amerudi!" Mkalimani akayapeleka maneno vile vile. Dada alimwendea, akasimama mbele yake.

"Mimi si bubu," mikono yake ilisema. "Mimi ni Kiziwi, na nina mengi ya kukwambia. Tuanze na hicho kitambi chako kinachoniziba nisiione taa."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na mwenye kitambi akajikuta akiomba radhi huku akisogea pembeni.

Onyesho la kwanza lilikuwa alasiri. Kasuku alikaa na Mama kati ya watazamaji, hana kazi yoyote. Katika viti vya mbele upande mmoja walikaa Viziwi wengi, na mkalimani alisimama pembeni mwa jukwaa katika mwanga wake. Taa ya kijani ikawaka, Dada akaingia. Siku zote Kasuku alikuwa akitazama midomo ya watu. Sasa, kwa mara ya kwanza, alimtazama dada yake tu. Mbao zilinguruma. Mto ulipanda, ukatandaa, ukalimeza jukwaa, na Mama akamfinya mkono bila kujua.

Baadaye, nje mlangoni, watu walimzunguka Dada. Mkalimani alikuwa ameitwa kando kuzungumza na Mkuu. Mzee mmoja mwenye kofia alimshika Kasuku bega. "Wewe si mdogo wake? Mwambie amecheza vizuri, ila ule mwisho ni mrefu mno. Umenichosha."

"Mkalimani ni yule pale, mzee. Ngoja nimwite," alisema Kasuku.

Lakini Dada alikuwa ameshaona. Alimtazama mdogo wake, na tangu siku ile ya kitambaa cha buluu haya ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake. "Anasema nini?"

Kasuku alivuta pumzi. Maneno matamu yalimjia vidoleni yenyewe, yamejipanga tayari. Akayaacha. "Anasema umecheza vizuri, ila mwisho ni mrefu mno. Umemchosha."

Dada alimkazia macho, kama anayepima kina cha maji. Kisha mikono yake ikajibu, na Kasuku akatoa sauti bila kupunguza kitu:

"Anasema asante, atalifikiria. Ila amekuona kutoka jukwaani, mzee. Ulianza kusinzia kabla mto haujaingia."

Mzee alishika kofia yake, akacheka mpaka akakohoa. "Amenikamata! Kweli amenikamata!"

Walirudi nyumbani kwa miguu, watatu kwa safu moja. Mama alisema kwa mdomo na kwa mikono yake mizito isiyozoea, akisimama kila mara ili Dada aone.

"Wanangu, mimi nafua mashuka ya hospitali tangu ujana wangu. Doa ukilificha ndani ya mkunjo, shuka linaonekana safi rafuni. Anayekuja kulikuta ni mgonjwa anayelilalia. Wewe, Kasuku, ulificha maneno kwa mapenzi, na dada yako ndiye aliyeyalalia. Maneno ya mtu ni mali yake, mazuri na mabaya, na anayetumwa kuyapeleka hana ruhusa ya kuyapunguza. Na mimi pia niliwafundisha vibaya. Mtu akiomba anachohitaji ili afanye kazi yake, si msumbufu. Fundi akiomba nyundo, nani anamwita msumbufu? Dada yako aliomba nyundo yake tu."

Walipofika, Kasuku alitangulia ndani, akaweka mkono kwenye swichi, akasita. Kisha akabonyeza: washa, zima, washa. Balbu iliitika. Dada, aliyekuwa akivua viatu mlangoni, aliinua uso. Alimtazama kwa muda. Polepole akainua kidole chake, akagusa kidevu mara mbili.

Halafu akapiga sakafu kwa kisigino, kwa nguvu zake zote, na wote watatu wakainamisha vichwa kungoja ufagio.